Bawabu Hafi

Aprili 2

Nimeanza kuandika haya nikiwa na hasira, na atakayeyasoma asiniulize kwa nini sikutulia kwanza. Nikitulia siandiki.

Sikukuu imeisha juzi tu na mvua za masika zimeshatufikia. Ofisi yetu ni vyumba viwili hapa Chumbageni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na paa lake ni bati tupu lisilo na dari. Tone moja likianguka, maiki yangu inalisikia kama mtu anabisha mlango. Kazi yangu ni sauti. Kila kinachosikika kwenye gemu letu, bawaba, punda, mtama ukimwagika sakafuni, nimekirekodi mimi Hasina kwa mikono yangu, katikati ya mvua na mvua.

Mwenye ofisi ni Manase, Msambaa wa Lushoto anayevaa sweta hata Tanga. Mchoraji ni Rama. Gemu lenyewe linahusu mwambao wetu wa zamani, zama za misafara na pembe za ndovu. Mchezaji ni msichana aitwaye Kijakazi. Tajiri mmoja amewanyang'anya watu wa kijiji chake mtama wote akaufungia kwenye ghala la soko, na Kijakazi anaingia kuurudisha. Ndani kuna walinzi watano. Mlangoni yupo bawabu, mzee mwenye kanzu na mkuki, na bila kumpita yeye hakuna aingiaye. Rama amemchora vizuri mno, ndevu na makunyanzi yote, lakini bado hana sauti.

"Si baba yako huyo?" Manase akasema. Nikamwambia baba yangu hafanyi utoto. Hicho ndicho kilichonikasirisha: kwamba nilijua atakubali.

Aprili 5

Amekubali kabla sijamaliza kumwambia.

Baba yangu, Uweso, anajulikana Ngamiani nzima kwa sauti yake. Mtu akifa mtaani kwetu, yeye ndiye anayetangaza kwa kipaza sauti cha msikiti: fulani bin fulani, mazishi saa kumi, marehemu alikuwa baba yake fulani. Sauti nzito, haina haraka. Watu wanasema ukitangazwa na Uweso umezikwa kwa heshima hata kabla ya jeneza kutoka ndani.

Aliniuliza avae kanzu ipi. Nikamwambia haonekani, ni sauti tu. Akavaa ya sikukuu na akajipaka udi.

Tulirekodi mvua ilipopumzika. Maneno niliyomwandikia aliyadharau yote. Mimi niliandika "Simama! Nani wewe?" Yeye akasema, "Karibu mwanangu. Watoka wapi na mvua yote hii? Mama hajambo? Na babu yule wa miguu?" Babu wa miguu hayumo kwenye gemu. Manase alicheka mpaka akatolewa chumba cha kurekodia. Tumepata dakika arubaini safi.

Aprili 7

Mvua. Hakuna kilichorekodiwa.

Aprili 8

Mvua. Nimerekodi mvua.

Aprili 11

Leo tumeongea na Mathew kwa simu ya video. Mathew yuko Dar, ndiye anayetusimamia kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo iliyotupa fedha za gemu. Kijana mpole, meno meupe, kila sentensi anaanza na "kimsingi". Kimsingi amelipenda ghala. Kimsingi bado kuna pengo moja: hatuna sauti za kufa. Kila mlinzi anahitaji sauti ya kuchomwa kisu na sauti ya kuanguka, bawabu akiwa wa kwanza.

Nikaona ni jambo dogo. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Baba anamenya chungwa la Muheza, nikamwambia kumebaki kipande kimoja tu.

"Bawabu anachomwa kisu. Nataka ile sauti yake."

Akasimamisha kisu cha chungwa. "Anachomwa na nani?"

"Na Kijakazi."

"Yule niliyemuuliza habari za mama yake?"

"Baba, ni mchezo."

"Wewe Hasina, wanichuria?"

Nikamwambia uchuro ni mambo ya bibi zetu, kwamba mtu hafi kwa sababu kaigiza kufa, kwamba wanaoigiza kwenye televisheni wanakufa kila wiki na wanaonekana sokoni wananunua nyanya. Nilisema mengi. Nilikuwa na majibu yote.

"Mie natangaza vifo vya watu mtaa mzima," akasema. "Changu atatangaza mwingine. Sijitangazii." Akaendelea na chungwa lake. Mtu mkaidi kama huyu sijapata kumwona, na nimelelewa naye.

Aprili 12

Nimemwomba Rama. "Dada Hasina, mke wangu ana mimba ya miezi minane. Mimi sifi."

Nimemwomba Miraji, mchekeshaji wa harusini, mtu ambaye kwa chakula cha mchana tu anaweza kuiga mbuzi, mkwe na mwenyekiti wa mtaa. Alikubali. Akavaa hedifoni, akauliza mlinzi huyu anapiga kelele za nini. Nikamwambia anakufa. Akazivua kama zimemuunguza. "Mengine yote nakufanyia, dada. Hilo mtafute asiye na mama."

Manase alikuwa anasikiliza mlangoni. "Nyie watu wa pwani!" akasema. "Jumatatu naingia mwenyewe."

Aprili 14

Jumatatu ameingia mwenyewe. Chumba chetu cha kurekodia tumekibandika magodoro kuta zote, kwa hiyo ukifunga mlango husikii hata pumzi ya aliye ndani isipokuwa kwa hedifoni. Nikavaa hedifoni. Nikasikia Manase anakohoa. Nikasikia anasogeza kiti. Nikasikia anasema taratibu, "Haya basi." Halafu hakuna kitu, muda mrefu. Akatoka, sweta limelowa jasho.

"Nimemkumbuka mama," akasema. "Mama Bertha akisikia nimefanya hivi atashuka kutoka Lushoto na kwaya nzima ya usharika waniombee."

Nilimcheka sana. Kisha nikaingia mimi, mwenye majibu yote. Nikafumbua kinywa. Nikamwona Baba akilini, kwenye mkeka wake, anasikia. Kilichotoka ni kama mbuzi aliyepaliwa, nikakifuta kabla Manase hajauliza.

Aprili 19

Mvua. Mtaro wa Barabara ya Nane umefurika, nimekwenda kazini viatu mkononi.

Aprili 27

Wazo ni langu, na nalitetea: bawabu asife. Hakuna mlinzi anayekufa kwenye ghala letu. Kwa nini afe mtu ndipo mtama urudi?

Kijakazi akifika mlangoni anamsalimia. Bawabu anajibu, anauliza habari za nyumbani, za safari, za mvua. Mchezaji akijibu vizuri anakaribishwa kukaa barazani. Mvua ikikolea, mzee anasinzia kama wazee wote wanavyosinzia mvua ikikolea, na hapo Kijakazi anapita. Mchezaji akikurupuka, au akimjibu mzee kijeuri, bawabu anapiga kelele na walinzi wote watano wanatoka. Si rahisi. Manase mwenyewe ametolewa mbio mara nyingi kuliko alizoingia, na sasa hataki kuinuka kwenye kiti.

Tumemwita Zuleha, jirani yangu anayeuza bajia, ajaribu. Hajawahi kushika gemu. Alimsalimia bawabu, akajibiwa, akakaa barazani, akasikia habari ya babu wa miguu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Bawabu akasinzia. Zuleha akatua vidude vya kuchezea mezani.

"Mbona huingii ghalani?" nikamuuliza.

"Mzee kalala. Nitamwachaje mlango wazi?"

Sijui kama gemu limeharibika au limekamilika.

Mei 3

Jibu la Mathew. "Kimsingi mchezaji hasubiri, dada Hasina. Mchezaji anachoma. Hilo mlilotengeneza si ghala linalolindwa, ni baraza."

Nikamwambia baraza ndiyo inayolinda ghala. Akatabasamu. Anasema kampuni inataka sauti za kufa, na mwisho wa Juni ndio mwisho.

Mei 9

Usiku kucha mvua. Asubuhi Baba ametangaza kifo cha fundi cherehani wa Barabara ya Kumi. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nimemsikiliza kwa makini leo, kama mtu wa kazi yangu anavyosikiliza. Kabla ya kuanza huvuta pumzi moja, ndefu, inayosikika kwenye spika zote. Mtaa unanyamaza kwenye ile pumzi. Maneno yanafuata baadaye.

Mei 12

Mke wa Rama kajifungua mtoto wa kike. Ofisi nzima tumekula halua.

Mei 16

Leo nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa tatu asubuhi Mathew alituma gemu lililorudi kutoka kwa kampuni. Aliandika kwamba tatizo la sauti limemalizika, wametumia akili mnemba, nisikilize. Sikuelewa. Manase alikuwa benki, Rama kwa mwanawe. Mvua ilikuwa imekatika. Nikavaa hedifoni, nikampeleka Kijakazi mpaka mlango wa ghala.

Bawabu akasema, "Karibu mwanangu." Kijakazi akamchoma.

Nikasikia baba yangu anakufa.

Nasema wazi, maana nimejiambia siku nzima kwamba labda nimetia chumvi. Haikuwa sauti ya sinema. Kwanza ilikuja pumzi ile, ndefu, ya kabla ya tangazo. Mashine iliichukua kwenye zile dakika arubaini nilizozirekodi mimi, nikazisafisha mimi, nikazituma mimi. Baada ya pumzi kikaja kitu kama anataka kusema "aa-aa", anavyosema akikosa ngazi gizani. Halafu ikakatika, na kikabaki kile kikohozi chake kidogo, kisha mkuki ukaanguka. Mkuki niliurekodi kwa fimbo ya ufagio.

Nilivua hedifoni nikatoka. Sikufunga ofisi. Kutoka Chumbageni mpaka Ngamiani sikumbuki nilipita wapi, najua tu kwamba mvua ilirudi ikanikuta njiani na sikujali. Nilisukuma mlango. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka, redio sikioni, anatafuta habari.

"Mbona umelowa hivyo?" Akanitazama. "Nani kafa?"

Nikapiga magoti nikashika mkono wake. Ulikuwa na moto, mkono wa mtu mzima mwenye damu. Nikambusu. Nikasema hakuna aliyekufa, nimekimbia mvua tu. Baba amezoea kupewa habari za misiba, anaijua sura yake mlangoni. Hakuniamini. Aliniachia mkono wake mpaka nilipoutoa mwenyewe.

Nilimcheka na uchuro wake. Sasa nimeusikia uchuro kwa masikio yangu, kwenye hedifoni nzuri, hauna hata kelele ya mvua.

Mei 17

Nimemwambia. Angesikia kwa wengine.

Akauliza, "Umeisikia wewe?"

"Nimeisikia."

"Ilikuwa nzuri?"

"Baba!"

"Nauliza. Isije ikawa wameniua vibaya."

Tukacheka wote wawili, kicheko cha kusindikiza machozi. Halafu akasema jambo ambalo tangu lisemwe sijakaa vizuri. "Mie nikikohoa watu wanajua ni mie. Hicho kitu kikienda masikioni mwao, siku nikivuta pumzi pale msikitini watasikia nini? Watanisikia mie, au watamsikia maiti wangu?"

Mei 18

Kafa bibi mmoja wa Barabara ya Tano. Ametangaza mtu mwingine. Baba kasema sauti imemkauka.

Mei 19

Nimemwandikia Mathew: itoeni. Amejibu kwamba mkataba unaruhusu kutumia sauti kwa namna yoyote, kwamba anaelewa hisia zangu, kwamba ni sauti tu.

Mei 20

Baba hakutangaza.

Mei 21

Nimegombana na Manase. Alisema nisubiri, tuna pango la ofisi, Rama ana mtoto mchanga, tusichome nyumba kwa kumfukuza panya. Nikamwambia panya huyo amekula koo la baba yangu. Akasema, "Unadhani sioni?" Nikamwambia kuona kwako hakusikiki. Yamenitoka, na hayarudi.

Nyumbani Baba ananiongelesha kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeazima. Anaomba chumvi kwa kidole. Watu wanapita mlangoni kumuuliza kama anaumwa. Mzee mmoja kamletea asali. Baba kaipokea kwa kutikisa kichwa.

Hapa ndipo nilipofika, na nitaliandika kwa herufi kubwa nisije nikalisahau: SAUTI YA BABA YANGU ITAKAA KWAO AU KWAKE. HAIKAI PAWILI.

Mei 25

Mvua inapungua. Jua lilitoka mchana, nguo zimekauka.

Mei 28

Nimefanya. Nilichokifanya si uungwana, najua, na sijutii.

Vikao vyetu na Mathew hurekodiwa vyote, ni amri ya kampuni yenyewe. Nilichukua sauti yake, kimsingi zake zote, nikaziingiza kwenye mashine ya aina ile ile waliyotumia wao. Haikunichukua hata asubuhi nzima. Kikao kilikuwa saa nane. Manase alikaa pembeni yangu, hatukuwa tumesemezana tangu tugombane. Sikumwambia kitu.

Mathew alipomaliza salamu nikamwambia, "Kaka Mathew, umetuomba sauti za walinzi. Nimekuletea mlinzi wa kwanza. Tafadhali vaa hedifoni usikilize vizuri."

Akavaa. Akatabasamu. Nikaachia.

Sitaiandika ilivyokuwa. Ilikuwa yake, inatosha. Niliona uso wake unaondoka kidogo kidogo kwenye lile tabasamu, mpaka meno yakabaki peke yake. Kisha akapiga kelele, Mathew wa kimsingi, mpaka spika yetu ikakwaruza:

"Usinichurie! We dada, usinichurie!"

Halafu akasikia alichokisema. Sote tulikisikia. Manase aliinamisha kichwa mezani.

"Futa," Mathew akasema. "Futa sasa hivi. Mama yangu yuko hapa nyumbani, angesikia…"

Nikageuza kompyuta aone. Nikafuta mbele ya macho yake, na nakala ya akiba nayo nikaifuta. "Yako imekwisha," nikasema. "Sasa baba yangu anaitwa Uweso. Ana sabini na moja. Hii ni wiki ya pili sauti yake haitoki. Zamu yako."

Akasema uamuzi si wake, ni wa kampuni. Nikamwambia sijamuuliza uamuzi ni wa nani, nimemwambia zamu ni ya nani. Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Manase alinyanyuka akafunga dirisha ingawa mvua haikuwepo. "Kesho," akasema, "nitampigia mwenye nyumba nimwambie huenda tukahama."

"Umeona?" nikasema. "Bado unaniambia nisubiri—"

"Sijakataa, Hasina. Nasema nampigia mapema, tukikosa kodi asishtukizwe."

Huyu ndiye Manase niliyemwambia hasikiki.

Mei 29

Nimemhadithia Baba yote. Nilipofika kwa Mathew akaniuliza kwa ile sauti ndogo, "Alisemaje hasa?" Nikamwigizia. Baba alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko kilikuwa chake, kizima, majirani wa pande zote mbili walikisikia.

Juni 1

Mathew kanitumia ujumbe kwa simu yake binafsi. Ameifuta kila mahali alipoweza kufika, kasema. Kule kwa kampuni hana uhakika. Mwisho aliandika, "Nisalimie mzee." Hakuanza na kimsingi.

Juni 4

Barua ya kampuni: tukubali ghala lenye vifo, au mkataba uvunjwe na turudishe kazi yote waliyoilipia.

Tumeisoma mara moja tu. Rama, na mtoto wake wa wiki tatu na nyumba ya kupanga, ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nilimchora yule mzee. Sikumchora afe." Manase akaniangalia. "Andika wewe, mimi nitaweka sahihi. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Nimeogopa, sikatai. Sina kazi nyingine. Nimeogopa na nimekataa, yote mawili siku moja. Usiku nimemwambia Baba.

Juni 5

Asubuhi, keshokutwa Idi, nipo jikoni nakuna nazi, spika za msikiti zikaita. Nikashika kibao cha mbuzi. Pumzi ile.

"Assalamu alaikum. Amepotea mbuzi wa Idi, mweusi, kidevu cheupe, mali ya bwana mmoja wa Barabara ya Saba ambaye hakumfunga vizuri. Atakayemwona asimchinje kwanza."

Mtaa mzima ulicheka. Baba alirudi kwa hatua za bwana harusi, akaniuliza kwa sauti yake kamili, isiyohitaji spika, kama chai ipo.

Juni 10

Masika yamekwisha. Bati limekauka na ofisi ni kimya, siku nzuri kabisa ya kurekodi na hatuna wa kutulipa. Mkataba umevunjwa rasmi leo. Ghala tutalianza upya wenyewe, taratibu, kwa pesa za kazi za harusi na matangazo. Zuleha anasema atakuja kulicheza tena, safari hii ataingia ndani, ila kwanza amwambie bawabu anaondoka.

Kampuni imeandika barua ya mwisho. Tumerudisha picha, ramani na sauti za punda. Wanadai kitu kimoja hawajakipata: faili halisi za sauti ya bawabu, dakika arubaini, pamoja na uthibitisho kwamba hatukubaki na nakala.

Manase alitaka tuombe wakili. Nikamwambia hili nalijibu mwenyewe. Nimelijibu hivi, na nimeshalituma:

"Sauti mnayoiulizia tumemrudishia mwenyewe. Mwenyewe yu hai, yuko nyumbani kwake Ngamiani. Mkiitaka, njooni mpige hodi, mumsalimie kwanza."